Umeme Umepeleka Nini, na kwa Nani?

Mwalimu mmoja wa kemia ameniletea sentensi aliyowaandikia wanafunzi wake: "Mkondo wa umeme umepelekea kasi ya kichocheo kuongezeka." Anauliza kama "kichocheo" ni neno sahihi hapo, kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko, yaani badiliko la kikemia, bila chenyewe kuisha.

Ni sahihi, mwalimu. Limetokana na kuchochea moto, yaani kusogeza kuni mafigani zishike vizuri. Liache. Kilichoniuma ni hilo "umepelekea".

Kupelekea kunataka mpelekaji, mzigo na mpokeaji. "Asha amempelekea bibi uji." Asha ndiye aliyetembea, uji ndio uliobebwa, bibi ndiye aliyenyoosha mikono kupokea bakuli. Mwondoe bibi, Asha atabaki njiani na bakuli lake, hajui abishe hodi mlango gani. Sasa sikiliza taarifa ya habari: "Mvua imepelekea mafuriko." Kwa sarufi yetu, mafuriko hapo yamekaa mahali pa bibi, yanangoja uji! "Uzembe wa dereva umepelekea ajali." Umeipelekea nini hiyo ajali? Mvua huleta mafuriko. Uzembe husababisha ajali, au ajali hutokana na uzembe. Maneno tunayo, yamekomaa, na kila mtu anayaelewa. Sioni sababu hata moja ya kuyatupa.

Na jambo unalolifundisha wewe lina upelekaji wa kweli ndani yake. Miaka ya 1980, Costas Vayenas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Patras, Ugiriki, waliweka utando mwembamba wa platini, ndiyo kichocheo chao, juu ya zirkonia, elektroliti mango, yaani kitu kigumu kinachopitisha ioni za oksijeni (atomi zenye chaji ya umeme). Wakaunguza gesi ya ethilini juu ya platini hiyo kwa nyuzi 370 za Selsiasi, kisha wakapitisha mkondo mdogo mno. Kasi ya mmenyuko ikafika kama mara 26 ya ile ya mwanzo. Kila ioni iliyofika iliwezesha atomi za oksijeni zipatazo 74,000 kuingia kwenye mmenyuko, kwa kuwa ioni hizo hutambaa juu ya uso wa platini na kulegeza jinsi inavyoishika oksijeni nyingine.

Basi andika: "Umeme unaipelekea platini ioni za oksijeni." Mpelekaji yupo, mzigo upo, mpokeaji yupo. Kisha: "Mkondo wa umeme umeongeza kasi ya mmenyuko." Ya mmenyuko, mwalimu, si ya kichocheo, kichocheo chenyewe kimetulia palepale juu ya zirkonia.