Tuombe idhaa irudi "walau mtandaoni"?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wasikilizaji wa redio hapa Kigoma. Tangu idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika (VOA) iliponyamaza Machi 2025, tunaandaa barua ya kuomba irudishwe. Kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa kampeni anatushauri tusitaje kabisa masafa mafupi (shortwave) kwa sababu ni ghali na yamepitwa na wakati. Anasema tuombe walau irudi mtandaoni, ndipo wakubwa watatusikiliza. Kwa ada kidogo yuko tayari pia kutukusanyia sahihi za mtandaoni. Je, kitaalamu ana hoja?

JIBU: Marahaba, katibu. Hana, na hiyo ada msimlipe.

Barua za namna hii huniijia mara kwa mara, kila moja na idhaa yake, na neno linalonikera ndani yake ni moja: walau. Walau mtandaoni, walau nusu saa, walau mara moja kwa wiki. Anayeandika anadhani anaonyesha busara ya kutodai makubwa, kumbe anamwandalia anayetaka kufunga kisingizio alichokuwa akikitafuta. Wakubwa wa mashirika haya ni nadra kusimama na kusema "tunaifunga redio." Husema "tunaihamishia mtandaoni."

Tazameni yaliyoipata Radio Canada International. Ilianza 1945, na katika miaka ya tisini ilinusurika mara mbili kwenye tundu la sindano: 1991, ilipopoteza lugha nyingi lakini ikabaki hewani, na tena 1996, serikali ilipotoa fedha dakika za mwisho. Mwaka 2012 bajeti yake ikashushwa kutoka dola milioni 12.3 za Kanada hadi milioni 2.3. Safari hii hakuna aliyetamka neno kufunga. Kulikuwa na kikwazo kimoja tu: agizo la serikali la mwaka 2003 lililoitaka idhaa hiyo itumie masafa mafupi. Mwanzoni mwa Juni 2012 sharti hilo likaondolewa kimyakimya, na Juni 24 matangazo ya masafa mafupi kutoka Sackville, New Brunswick, yakakoma. Mwaka 2014 minara ikaangushwa. Wafanyakazi waliobaki wakapewa tovuti. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba nao watapunguzwa kutoka 20 hadi 9, na wakati huo hapakuwa tena na mnara wa kuutetea, wala msikilizaji wa kijijini wa kulalamika. Alikwisha kupotea miaka minane nyuma.

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kurushia matangazo zaidi ya miaka 20, na nakuambia mnara ukishalala chini hausimamishwi tena kwa barua.

Tuje kwenye ufundi. Sitawaeleza masafa mafupi yanavyodunda angani hadi nchi za mbali, nyinyi mnaosikiliza usiku mnayajua kuliko huyo kijana. Nataka mjiulize swali moja: swichi ameshika nani? Majirani zenu wa Burundi wanalo jibu. Mei 2018, kuelekea kura ya maoni, serikali yao ilisimamisha BBC na VOA kwa miezi sita. Machi 2019 VOA ikasimamishwa bila kikomo na BBC ikanyang'anywa leseni. FM hukatika hivyo, kwa karatasi moja, kwa sababu mtambo uko ndani ya nchi na leseni ni ya nchi. Mtandao nao ni vivyo hivyo. Kongo ilizima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, na RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ikakatwa kwenye FM mjini Kinshasa. Uganda ilizima Januari 2021. Kwetu mnakumbuka Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Mtu aliyeshauri "walau mtandaoni" alikuwa wapi siku zile, na alipata habari kwa njia gani?

Sisemi masafa mafupi hayazibwi. Huzibwa, lakini anayeyaziba inabidi naye awe na mtambo wake, umeme wake, na auendeshe kila saa matangazo yanaporuka. Radi ikianza kupiga juu ya Ziwa Tanganyika sauti hukwaruza, hilo nalo ni kweli. Hata hivyo yule anayerusha kutoka nchi nyingine haombi ruhusa ya mkuu wa mkoa.

Na huo "ughali"? Mtambo wa kilowati 250 hula umeme uleule, wawe wasikilizaji mia au milioni kumi. Msikilizaji ananunua mawe ya redio, basi. Mtandaoni gharama haikufutwa, imehamishiwa kwenye bando la mama anayeuza dagaa Kibirizi. Kwenye hesabu za shirika inaonekana kama akiba. Kisha wakipima wasikilizaji kwa kuwapigia simu, wasio na simu hawahesabiwi, na ripoti inaandika kwamba masafa mafupi hayana watu.

Kuhusu kupitwa na wakati, BBC ilifunga redio yake ya Kiarabu Januari 27, 2023, baada ya miaka 85. Wasikilizaji wakaambiwa waende kwenye tovuti. Aprili 15 vita vikalipuka Sudan. Mwezi uliofuata BBC hiyohiyo ikafungua matangazo ya dharura kwa Wasudani, kwa Kiarabu, kwenye masafa mafupi. Mwaka mmoja kabla, Urusi ilipoivamia Ukraine, BBC ilikuwa imerudi kwenye masafa mafupi kwa njia hiyohiyo, saa nne kwa siku. Waliweza kurudi kwa kuwa mitambo ilikuwapo mahali fulani, ikifanya kazi. Australia ilizima masafa mafupi ya Radio Australia Januari 31, 2017, ili kuokoa kiasi cha dola milioni 1.9 kwa mwaka. Visiwa vya Pasifiki vilipiga kelele, hasa Vanuatu iliyokuwa imepigwa na kimbunga Pam miaka miwili nyuma. Hayakurudi, na baadhi ya masafa yale yakachukuliwa na redio ya kimataifa ya China. Masafa hayakai wazi yakikusubiri.

Sasa barua yenu. Kijana anawashauri msitaje redio, na hapo ndipo anapowapoteza kabisa. Waraka unaoongoza Sauti ya Amerika ni sheria, uliosainiwa na Rais Gerald Ford Julai 12, 1976. Unaanza kwa kusema kwamba maslahi ya muda mrefu ya Marekani yanatimizwa kwa kuzungumza moja kwa moja na watu wa dunia kwa redio. Kwa redio! Neno limo ndani ya sheria yao wenyewe. Wakanada walipokonywa neno lao na serikali, nyinyi mnataka kulifuta la Wamarekani kwa kalamu yenu?

Angalieni pia ni nini kilichotikisa mambo mwaka 2025. Amri ya Rais ya Machi 14 ilitaka shirika mama la VOA lipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachodaiwa na sheria, na kesho yake wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Waandishi wa VOA, vyama vya wafanyakazi na Reporters Without Borders, shirika la kutetea wanahabari, wakaenda mahakamani na mambo mawili mkononi: sheria hiyo, na fedha ambazo Bunge lilikuwa limekwisha kuidhinisha. Aprili 22 Jaji Royce Lamberth akaamuru matangazo yarejeshwe. Siku chache baadaye mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu ya amri, na tangu hapo ni kupanda na kushuka. Lakini sikuona hakimu akihesabu sahihi za mtandaoni.

Sahihi si dhambi. Tatizo ni kwamba mwenye mamlaka hajui hao watu ni nani, wanasikiliza nini, saa ngapi. Kampeni ya kuokoa idhaa ya Kihindi ya BBC mwaka 2011 ilidai kitu chenye jina: masafa mafupi, Kihindi, yasizimwe Machi. Kamati ya mambo ya nje ya Bunge la Uingereza ikalishika, na serikali ikaongeza pauni milioni 2.2 kwa mwaka kwa ajili ya idhaa kadhaa. Walibakiziwa matangazo ya muda wa saa moja kila jioni, na saa hiyo ikadumu hadi Januari 31, 2020. Kwa kazi hii, miaka tisa ni mingi.

Kwa hiyo andikeni: matangazo ya Kiswahili, kwa redio, masafa mafupi yakiwemo, kwa mujibu wa sheria ya 1976. Neno walau lisionekane. Mbunge wa Marekani hana mpiga kura Kigoma, basi tafuteni ndugu zenu wenye uraia kule, na Wakongo waliopita kambi za Kigoma wakapelekwa Marekani wako wengi tu. Kila mmoja amwandikie mbunge wa jimbo lake, kwa jina lake na anwani yake, na aambatanishe barua yenu.

Ambatanisheni na kumbukumbu za usikivu: mlikuwa mkisikiliza masafa gani, saa ngapi, na leo mkifungua hapohapo mnamsikia nani. Hili la mwisho ndilo litakalosomwa mara mbili Washington, maana hawapendi kusikia kwamba mwingine amekalia nafasi yao. Ratiba mpya ya masafa duniani huanza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo zifike kabla. Na saa ziandikeni kwa UTC, yaani saa za kimataifa. Saa mbili usiku ya Kigoma ni 17:00. Mkiandika "saa mbili usiku", mtu wa Washington atadhani kikundi kizima hukesha hadi saa nane kusikiliza habari.