Mwanangu, kuhusu kupima sukari kila siku

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Bondeni. Sisi ni wazima, mvua imetushika tangu Jumapili, na goti langu linaniambia bado itanyesha.

Ujumbe wako niliusoma usiku nikausoma tena asubuhi. Umesema daktari wako wa Kisumu amekuanzishia metformin, kidonge cha ugonjwa wa kisukari, na amekwambia urudi baada ya miezi 3. Unauliza kama ni lazima mtu apime sukari nyumbani kila siku, au inatosha kupimwa kliniki. Ukaongeza kwamba stripi, vile vijikaratasi vya kutilia damu ya kupima, ni ghali, na kwamba ukiona namba kubwa asubuhi, siku yako yote imeharibika.

Swali la kwanza ningekujibu kwa simu. Hili la mwisho ndilo limenikalisha mezani na kalamu.

Unaiogopa namba, na najua woga huo unatoka wapi. Unakaa kwenye benchi na wenzako, unaitwa, kidole kinachomwa, halafu mtu anainua sauti: "Mzee, umekula nini wewe?" Wote kwenye foleni wanakugeukia, wewe unajibu kama mtoto aliyekutwa na kosa. Ndiyo maana watu wanafika kliniki wakiwa wamejinyima siku mbili tatu, ili namba ya asubuhi hiyo iwafurahishe wenye makoti meupe. Haiwasaidii kitu. Siku hizi wanatoa damu ya kipimo kiitwacho HbA1c, na ile inasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, chembe ambazo huishi kama siku 120. Njaa ya siku tatu haiwezi kuficha miezi 3.

Mimi nimekwambia tangu ulipokuwa ukinishikia tochi nikijichoma kidole stima ikiwa imepotea: sukari tunapima ili tujue tufanye nini. Hatupimi ili tujue tumekosa nini. Namba ya asubuhi ikiwa 9 (mashine zetu huhesabu kwa mmol/L), swali ni moja tu, sasa nifanye nini.

Na hiyo ya asubuhi inayokuharibia siku, nikueleze. Unalala na 7, hujagusa chakula, unaamka na 8 na kitu. Unajiuliza nani amekulisha usiku. Ni ini lako. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kukuamsha, na ini linamwaga sukari kwenye damu ili upate nguvu za kusimama. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, insulini yake, homoni ya kushusha sukari, hulizuia lisizidishe. Yetu haiwezi. Kwa hiyo usiamke ukahesabu dhambi za chakula cha jana jioni. Hiyo namba iandike na saa yake, umwonyeshe daktari, huenda dawa ya jioni ndiyo itakayobadilishwa.

Sasa nitakueleza siku ambayo ndiyo imenifunga na mashine hii ya kupimia sukari. Wewe ulikuwa kwenye mitihani, ndiyo maana hukuja Butere tulipomzika babu yako mdogo. Habari uliipata nusunusu, tena kwa mdomo wa shangazi yako. Leo isikie kutoka kwangu.

Nilikuwa nimeshatolewa kwenye vidonge nikawekwa kwenye insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, asubuhi na jioni. Ile asilimia 30 inafanya kazi haraka, inashughulikia chai ya asubuhi. Ile asilimia 70 inaamka polepole na nguvu zake unaziona baadaye, kuelekea mchana na alasiri. Ukijidunga asubuhi basi umeahidi kwamba mchana utakula, na insulini haisikii udhuru. Nilijidunga, nikanywa chai na viazi vitamu, nikakaa chini ya hema pamoja na wanawake wa kanisa. Ratiba ilisema saa sita tunazika. Halafu wanasiasa wakafika. Wa kwanza akasalimia, akamwita wa pili, wa pili akamwita mwenzake, na kila mmoja alikuwa na la kusema ambalo halikumhusu marehemu. Saa nane na nusu bado mtu ameshika maikrofoni. Chakula hakigawiwi kabla ya maziko, hiyo ni heshima ya kwetu na siilaumu.

Nikaanza kutokwa jasho na kulikuwa na upepo. Mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, midomo ikafa ganzi. Nikatoa mashine kwenye mkoba, nikajichoma kidole. Ikasoma 2.9. Chini ya 4 kwa mtu wa insulini ni jambo la kushughulikia hapo hapo. Chini ya 3 ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula chake, unaweza kuanguka, unaweza kupata kifafa, unaweza kuondoka.

Shangazi yako ndiye aliyekuwa akilinda kreti za soda. Nikamwomba moja. Akanitazama juu hadi chini, akasema hema zima likisikia: "Soda? Na sukari yako hiyo? Wataka tuzike wawili leo?" Watu wakageuka. Mama mmoja nyuma yangu akasema wagonjwa wa sukari wana tamaa, wanajiua kwa midomo yao. Nikamwonyesha wifi yangu mashine. Akasema, "Si ndiyo hiyo inakwambia una sukari?" Akaisogeza kreti nyuma ya kiti chake.

Mwanangu, hilo bado linanichoma. Nimemsamehe, tumelala chumba kimoja mara nyingi baada ya hapo, alikuja kunikanda mgongo nilipougua. Lakini nikiwa peke yangu nikiosha vyombo, bado nabishana naye. Najiambia, alikuwa akinilinda, aliogopa kweli, macho yake yalikuwa na woga. Kisha najibu, namba ilikuwa mbele ya hayo macho, angeniuliza tu maana yake. Kisha nasema, nani alimfundisha kuuliza? Kijiji kizima kimefundishwa nusu ya habari, kwamba sukari ni sumu kwa mwenye sukari. Hakuna aliyewaambia kwamba inashuka pia, na kwamba ikishuka inaua haraka kuliko ikipanda. Halafu nakumbuka yule mama aliyesema tamaa, na hasira inarudi palepale ilipokuwa.

Aliyeniokoa ni mtoto wa binamu yako, huyu ambaye sasa yuko sekondari. Wakati huo alikuwa mdogo, meno ya mbele hana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka miguuni pangu. Akachungulia mashine, akasoma, "Mbili nukta tisa." Akainua uso. "Kukhu, hiyo ni ndogo ama kubwa?" Nikamwambia ni ndogo sana, nahitaji sukari. Hakuuliza la pili. Alipita katikati ya wazee, akaruka kamba ya hema, akaenda moja kwa moja jikoni kwa wanawake wa chai, na akarudi na kikombe cha maji ya sukari, nyingine bado imekaa chini haijayeyuka. Nikanywa yote. Kinachohitajika ni gramu 15 hivi, vijiko 3 au 4 vya chai, halafu unasubiri dakika 15 unapima tena. Nilipopima mara ya pili, yeye ndiye aliyesoma, kwa sauti, kama anatangaza matokeo ya mtihani: "Nne nukta sita!" Akaniletea na ndizi bila kuambiwa. Ile furaha ya uso wake ninayo hadi leo. Kila nikienda Butere namtafuta kwanza yeye.

Hebu fikiria kama sikuwa na mashine. Ningesema nini pale? Jasho wangesema ni huzuni, kutetemeka wangesema ni uchovu wa safari. Mimi mwenyewe ningeweza kudhani ni sukari imepanda nikaacha kula kabisa. Tunapima ili tujue tufanye nini.

Haya. Wewe hutumii insulini. Lazima niseme ukweli hata kama haunisaidii mimi: metformin ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu kiasi kile, na madaktari wengi hawamdai mtu wa metformin tupu apime kila siku. Wanatazama HbA1c, wanalenga iwe chini ya asilimia 7 kwa watu wengi, basi. Kwa hiyo yaliyonipata Butere si lazima yakupate wewe. Ila wakikuongezea glibenclamide au dawa ya ukoo wake, hiyo inaweza kukushusha, na hapo maneno yangu yote yanakuhusu. Uliza jina la kila kidonge unachopewa.

Lakini (unanijua, sina amani nikiishia hapo) ile HbA1c ni wastani. Mtu anayeruka kutoka 4 hadi 15 na mtu aliyetulia kwenye 8 wanaweza kupata jibu linalokaribiana. Haikuambii kilichokupandisha ni ugali au ni uji. Mimi daftari langu ndilo lililoniambia kwamba uji, hata usipotiwa sukari, unanipandisha kuliko viazi vitamu vya kuchemsha. Kwamba nikipunguza ugali nikaongeza mrenda na samaki namba ya baada ya chakula inakaa chini ya 10. Na kwamba nikitembea hadi upande wa Afraha na kurudi baada ya kula, inashuka bila kidonge. Hakuna daktari angeniambia hayo, kwa sababu hajui sahani yangu. Sahani yako nayo ina mambo yake. Mke wako anapika chapati tamu, nampenda kwa hilo, na ningependa kujua zinakufanya nini saa 2 baadaye.

Na kuna siku za homa. Kisumu malaria haijaisha, na mwili ukiwa na homa sukari hupanda hata kama hujala. Siku hiyo pima, hata kama umeamua kwamba hupimi.

Ukiamua kupima, fanya hivi. Usipime moja tu ukakaa kuihuzunikia. Chagua mlo mmoja, pima kabla ya kula, pima tena saa 2 tangu ulipoanza kula, andika ulichokula. Fanya hivyo siku chache kwa mlo mmoja, kisha hamia mwingine. Stripi zako zitafanya kazi ya maana kuliko kuchoma kidole kila asubuhi kwa mazoea. Malengo niliyopewa mimi ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa 2 tangu kuanza kula, lakini uliza yako. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Ukiwa umetoka kumenya embe, utapima sukari ya embe. Choma pembeni mwa kidole, pale katikati panauma bure. Kibweta cha stripi kifunge mara moja, unyevu unaziharibu. Na joto la huko kwenu: zisizidi nyuzi 30, kwa hiyo usiziache kwenye gari likisimama juani pale ofisini, hata kwa saa moja.

Tena, kama binamu yako atakuletea ile mashine ya Marekani aliyoahidi, usizimie ikisema 126. Wao huhesabu kwa kipimo kingine, mg/dL. Gawanya kwa 18, utapata 7.

Sasa unasubiri niseme ndiyo au hapana. Neno liko ulimini na unalijua ni lipi. Nimelirudisha mara tatu tangu nianze barua hii. Mimi ni mama yako, sijaona figo zako, na aliyekuandikia dawa ndiye anayejua anakupeleka wapi. Baba yako angekuwa hai angekwambia umsikilize daktari umwache mama, naye alikuwa na haki mara nyingi kuliko nilivyokiri mbele yake. Basi mwulize: dawa hii inaweza kunishusha? Nipime lini, na nikiona namba gani nikupigie? Akisema si lazima kila siku, sitabishana naye. Nitabishana na wewe kidogo, halafu nitanyamaza.

Nimekutumia kwa M-Pesa pesa ya kibweta kimoja cha stripi. Usiichukue kuwa ndiyo jibu langu. Ukishaongea na daktari ukaona huzihitaji, nunulia watoto viatu vya shule.

Daftari la kwanza nalo linakuja na mtu wa kanisa anayeshuka huko Alhamisi. Nimeshachora mistari: tarehe, saa, namba, chakula. Wasalimie wote.

Mama yako