Umeifunga kwenye nini?

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu waliolala na baiskeli ya thamani wakaamka na stendi tupu, au wanaohofia kwamba zamu yao iko njiani. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Aliyeuliza "kufuli gani zuri" bila kusema baiskeli inalala wapi, ukuta ni wa nini na mlango ni wa nini, swali lake limeingia kwenye fungu la kwanza pamoja na wenzake wengi.

Nimenunua baiskeli ya mbio ya fremu ya kaboni, inalala gereji. Naomba jina la kufuli bora kuliko yote.

Umeifunga kwenye nini? Jibu hilo kwanza, majina yatafuata. Kufuli lililofunga gurudumu kwenye fremu yake yenyewe, baiskeli ikiwa imesimama peke yake katikati ya gereji, linamzuia mwizi kuipanda tu. Ataibeba. Baiskeli ya mbio ina kilo 7 au 8, mtu anaitia begani na kuondoka nayo, na kufuli atalikata huko aendako, kwa nafasi yake.

Ukishakuwa na kitu imara cha kufungia, ndipo utazame alama za majaribio. Sold Secure ya Uingereza, shirika linalojaribu makufuli, hutoa madaraja ya shaba, fedha, dhahabu na almasi. ART ya Uholanzi, shirika kama hilo, hutoa nyota. Lakini soma lebo yote, maana dhahabu ya baiskeli si dhahabu ya pikipiki. Kufuli la baiskeli limepunguzwa uzito kwa sababu mwenyewe atatembea nalo. La nyumbani haliendi popote, kwa hiyo nunua la daraja la pikipiki na usijali kilo zake.

Kebo ya namba yenye unene wa kidole inatosha usiku mmoja mmoja?

Hapana. Ni nyuzi nyembamba za chuma zilizovishwa plastiki nene; mkasi mdogo wa kukatia vyuma unazipita kabla hujageuka upande wa pili kitandani.

Fundi alinifungia ukutani nanga ya chuma (pete ya kupitishia mnyororo) kwa bolti nne za kutanuka. Baada ya miezi miwili inacheza. Ukuta ni wa matofali ya saruji yenye matundu.

Fundi wako alitumia kifaa sahihi mahali pasipo pake. Bolti ya kutanuka hushika kwa kusukuma pande za tundu. Kwenye zege nzima inapata kitu cha kusukuma. Kwenye tofali la matundu inasukuma kuta za sentimita mbili tatu, zinapasuka, na kila unapovuta mnyororo tundu linaongezeka. Kukaza nati hakusaidii, kunamalizia kazi ya kupasua.

Kwenye ukuta wa namna hiyo unaweza kutumia gundi ya kemikali pamoja na kikapu cha wavu kinachoingia tunduni kwanza ili gundi isimwagikie ndani ya tofali. Itashika rafu, itashika hata kabati zito. Nanga ya kuzuia mwizi mwenye mtaimbo sitaitetea, kwa sababu hata bolti ikishika, tofali lenyewe linavunjika. Hamia sakafuni.

Kama sakafu ni zege yenye unene wa sentimita 15 au zaidi, toboa kwa keekee ya kugonga. Kwa bolti ya milimita 12 tundu liwe na kipenyo cha milimita 14 na kina cha sentimita 11 hivi, umbali usiopungua sentimita 15 kutoka ukingo wowote. Safisha tundu: puliza, sugua kwa brashi ya waya, puliza tena, rudia yote mara moja zaidi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Gundi ikikutana na vumbi inashika vumbi, na bolti itatoka na kifuniko chake kizuri cha gundi kama kijiti cha aiskrimu. Gundi ya mwanzo inayotoka mdomoni mwa tyubu itupe mpaka rangi iwe moja, jaza tundu kuanzia chini hadi theluthi mbili, kisha zungusha bolti ikiingia. Usiiguse mpaka muda ulioandikwa kwenye tyubu upite, na kukiwa na baridi muda huo unarefuka.

Kama sakafu ni ya saruji nyembamba juu ya udongo, ipasue na uchimbe shimo la sentimita 40 kwa 40 kwa 40. Pindisha nondo nene au chuma cha pete, pitisha vipande viwili vya nondo msalaba chini yake, mwaga zege la uwiano wa moja kwa mbili kwa tatu. Utatumia karibu nusu mfuko wa saruji wa kilo 50, na utapata bonge la kilo 150 hivi chini ya ardhi. Limwagilie maji na uliache siku saba kabla ya kulitegemea.

Mwisho, vichwa vya bolti. Nanga nyingi huja na bolti za tundu la pembe sita, yaani mwizi anahitaji ufunguo uleule uliotumia wewe. Ukishakaza, gongelea gololi ya chuma ndani ya kila tundu; chagua inayokataa kuingia kwa kidole lakini inakubali kwa nyundo. Pima kwanza, maana ikishaingia haitoki.

Mnyororo wa milimita 10 unatosha?

Wa milimita 10 unakatika kwa mkasi mrefu wa sentimita 90 ambao mtu anauficha ndani ya koti. Wa 13 unamtoa jasho. Kwa nyumbani anzia 16, wa chuma kilichokomazwa, na kufuli lake liwe na mguu (ule upinde wa chuma unaofunga) mnene kama huo na liwe limefunikwa mabegani ili chombo kisipate pa kuingia. Uzito ni kilo 5 au zaidi kwa mita, ndiyo maana hauuzwi kama kitu cha kuzungusha kiunoni.

Namna unavyoulaza ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mnyororo uliolala sakafuni unampa mwizi msaada mara mbili: anaegemeza mkono mmoja wa mkasi chini na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wote, au anaupiga pete kwa nyundo huku zege likiwa fuawe. Ukining'inia hewani, mikono inabaki na nguvu yake yenyewe. Basi nanga iwe karibu na fremu, mnyororo uwe mfupi, usizunguke zaidi ya inavyohitajika na usifike chini.

Na kabla hamjaniandikia tena kuhusu grainda: ndiyo, grainda ya betri hukata chuma cha kawaida kilichokomazwa, hata cha milimita 16, kwa muda wa dakika moja hivi. Tangu mwaka 2021 kumekuwa na makufuli kama Hiplok D1000 yaliyovikwa mchanganyiko wenye grafini (aina ya kaboni imara sana) ambao unakula diski badala ya kuliwa. Hayakatai kukatwa. Yanamtaka mwizi aje na diski kadhaa, betri zaidi ya moja, na ujasiri wa kupiga kelele zile dakika nyingi chini ya dirisha lako. Ndiyo maana king'ora cha kuhisi mwendo ndani ya gereji, hata kile cha betri, kina thamani kuliko kamera ya nje. Kamera itakupa video nzuri ya mtu aliyevaa kofia.

Mnyororo si utaikwaruza fremu ya kaboni?

Utaikwaruza. Uvike tyubu kuukuu ya gurudumu au kitambaa kizito, usiubane ukailalia fremu. Upite ndani ya pembetatu kuu ya fremu, si kwenye gurudumu peke yake. Magurudumu ya kufunguka kwa mkono huachwa nyuma kama mkia wa mjusi.

Banda langu lina kufuli kubwa kabisa mlangoni lakini waliingia bila kuligusa. Inakuwaje?

Walifungua bawaba. Nenda kasimame nje ya mlango wako sasa hivi uhesabu skrubu unazoziona. Kila moja ni mwaliko wa bisibisi. Hata komeo lako, kama limeshikwa na skrubu nne fupi kwenye ubao laini, linang'oka zima zima na kufuli lake likiwa limefungwa vizuri.

Ondoa skrubu, weka bolti za kichwa cha duara kilicho laini zinazopenya ubao mpaka ndani, na ndani weka washa pana na nati. Ncha ya bolti iliyobaki iponde kwa nyundo ili nati isirudi. Nyuma ya komeo weka bamba la chuma, maana washa peke yake huzama kwenye mbao zilizooza. Dirisha lipake rangi au libandike karatasi ya ukungu. Ukimaliza yote hayo kumbuka kwamba ukuta wa mbao hukatwa kwa msumeno, kwa hiyo ndani ya banda tunarudi kwenye nanga na mnyororo. Mlango kazi yake ni kuchelewesha.

Nimeweka kifuatiliaji cha Bluetooth ndani ya bomba la siti. Simu haikioni nikienda chumba cha pili.

Alumini na kaboni zote huzuia mawimbi. Umekizika. Kitoe, ukiweke chini ya siti, ndani ya taa ya plastiki ya nyuma, au chini ya kishikio cha chupa.

Halafu uelewe umenunua nini. Kifuatiliaji kama AirTag hakina GPS. Kinasubiri simu ya mtu mwingine ipite karibu iseme kimeonekana wapi. Baiskeli ikifichwa ndani ya nyumba isiyo na simu za kukisikia, ramani itabaki kukuonyesha mahali pa jana. Isitoshe, kwa ajili ya kuwalinda watu wasifuatiliwe kwa siri, simu ya mwizi inaweza kumtahadharisha kwamba kuna kifaa kigeni anatembea nacho. Cha GPS chenye laini ya simu hakina shida hiyo, ila kinataka kuchajiwa na mara nyingi kina ada. Vyote viwili hukusaidia baada ya wizi. Mtu aliyeniuliza kama kifuatiliaji kinaweza kuchukua nafasi ya kufuli, jibu ni lile la kebo.

Hatujamwambia mtu yeyote kuhusu baiskeli. Wamejuaje?

Mmewaambia. Katoni ndefu yenye picha ya baiskeli na jina la kampuni ilikaa nje na takataka siku mbili. Mlango wa gereji ulikuwa wazi kila Jumamosi ulipokuwa ukiosha cheni. Na programu ya mazoezi ndiyo imesema kwa sauti kuliko vyote: njia inaanzia getini, inaishia getini, na pembeni imeandika aina kamili ya baiskeli unayoipanda.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 ramani ya pamoja ya Strava, mojawapo ya programu hizo, ilikutwa ikionyesha mizunguko ya askari wakikimbia ndani ya kambi zao. Kama kambi ya jeshi imeonekana, geti lako ni nini? Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ufiche mwanzo na mwisho wa safari. Strava yenyewe inaruhusu hadi kilomita 1.6 kuzunguka anwani. Usichague mita 200 kwa aibu, maana safari 50 zote zikikatika kwenye ukingo wa duara dogo, mtu anaona katikati yake ni wapi. Ondoa jina la baiskeli au iite "ya kijani". Picha za kujisifu ziondoe mahali zilipopigwa, na usipige ikiwa imeegemea mlango wako wenye namba.

Waliokwisha kuibiwa, zingatieni hili zaidi ya wengine. Mwizi anajua njia ya kuingia na anajua bima hulipa. Badilisha ufungaji kabla baiskeli mpya haijaingia ndani.

Ya umeme nichukue tahadhari gani zaidi?

Toa betri na skrini, weka ndani ya nyumba. Baiskeli isiyo na betri bado huibwa, ila hushuka thamani sana. Andika namba ya ufunguo wa betri. Na kwa kuwa mtaipeleka ndani: msiichaji kwenye korido ya kutokea wala chini ya ngazi. Betri ya lithiamu ikishika moto mlangoni, mlango huo si njia tena.

Kufuli limekuwa gumu, nimelitia mafuta ya kupikia.

Yataganda na kunasa vumbi. Safisha, kisha tumia unga wa grafiti au kilainishi kikavu.

Imeibiwa, nimeiona inauzwa mtandaoni. Nikajifanye mnunuzi?

Peke yako, hapana. Piga picha za tangazo zima sasa hivi, pamoja na jina la akaunti, kabla halijafutwa, na usimtumie muuzaji neno lolote la kumshtua. Kisha nenda polisi na namba ya fremu. Mara nyingi iko chini kabisa, pale mhimili wa pedali unapopita. Ipindue baiskeli uione. Bila namba hiyo mnabaki watu wawili wanaobishania baiskeli nyeusi. Kama bado unayo baiskeli yako, pindua leo, piga picha namba, risiti, na mkwaruzo wowote unaoujua wewe tu, uandikishe kwenye sajili kama Bike Index. Weka pia risiti ya kufuli na funguo zake zote, kwani baadhi ya kampuni za bima huzidai.

Funguo za akiba niweke wapi?

Popote, isipokuwa kwenye ule msumari wa gereji ulioutaja kwenye barua yako.