Jua tunalo mwaka mzima, mbona twaletewa makaa ya mawe? Jibu la fundi wa sola wa Amu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kuna ndugu wa Malindi ameuliza: ikiwa jua na upepo tunavyo, na Langobaya, huko huko Malindi, pana mtambo mkubwa wa sola, mbona Lamu tuliletewa mradi wa makaa ya mawe na Uyombo, Kilifi, wakaletewa wa nyuklia? Ni ulaji wa wakubwa tu, au kuna sababu? Mimi ni fundi wa sola, kwetu ni Amu, na kazi zangu nyingi ziko visiwani na kwenye mahoteli ya Malindi na Watamu. Nitajibu kwa ninayokutana nayo.

Sababu ipo, na sisi tunaoipenda sola ndio tunaopaswa kuisema kwanza. Mtambo wa Langobaya ni wa megawati 40 na unaingiza umeme kwenye gridi tangu mwisho wa 2021. Lakini Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi baada ya magharibi, watu wakisharudi majumbani. Saa hizo Langobaya haitoi kitu. Mwenye kutetea makaa hushikilia hapo hapo: jua likizama mtafanya nini? Ni swali la haki, lina majibu, na hakuna jibu hata moja linalolazimu makaa. Tuna jotoardhi ya Olkaria, umeme wa mvuke wa chini ya ardhi, inayofanya kazi usiku na mchana, tuna mabwawa ya Tana, tuna upepo, na betri zipo.

Kosa la sera yetu, kwa nionavyo mimi, ni kuhesabu megawati bila kuhesabu saa. Tazameni ule mradi wa makaa wa Lamu, wa pale Kwasasi. Ulipangwa uwe wa megawati 1,050 wakati ambapo nchi nzima, hata usiku wa matumizi makubwa kabisa, haikuwa imefika megawati 2,000. Na mikataba ya namna hii huwa na malipo ya uwezo: mtambo ukiwa tayari kuzalisha, unalipwa hata kama umeme wake haukuchukuliwa, na gharama hiyo inaishia kwenye tokeni zako na zangu. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Makaa yenyewe yalikusudiwa kuja kwa meli kutoka Afrika Kusini. Hapo sijagusa mikoko wala samaki.

Mwezi Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ya mradi ule, ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikauacha uamuzi huo usimame. Nawashukuru kwa moyo wote waliosimama kidete miaka yote ile, wavuvi na kina mama waliokuwa wakiacha shughuli zao kwenda kusikiliza kesi. Lakini kuzuia kibaya ni nusu ya kazi. Ile nusu nyingine, ya kujenga kizuri, ndiyo inayokwama kwenye kanuni ambazo hakuna anayeziandamania.

Chukua mahoteli. Mwezi Mei na Juni wageni ni wachache Malindi, vyumba vimefungwa, viyoyozi vimezimwa, na paneli juu ya paa zinaendelea kupigwa na jua. Umeme ule hauna pa kwenda, kwa hiyo inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani, inajibana yenyewe na kupunguza uzalishaji. Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu mwenye sola kuurudisha umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa kwenye bili yake. Kanuni za kuitekeleza zilitoka 2024, miaka mitano baadaye, na zinasema ukipeleka yuniti mbili unahesabiwa moja. Siipingi moja kwa moja hiyo nusu. Waya zinagharimu, na mchana gridi ina umeme wa kutosha. Ninachopinga ni nusu hiyo kuwa ile ile saa zote. Mwenye hoteli akinunua betri, akahifadhi jua la adhuhuri na kulipeleka saa mbili usiku, amemsaidia kila mtu wa Malindi saa ile ile inayouma. Huyo ahesabiwe yuniti nzima. Leo ninapompigia mteja hesabu, betri ya kupeleka umeme nje haimlipi, basi anaweka ya kumtosha yeye tu.

Visiwani hali ni nyingine kabisa. Nilikuwa na mteja Kizingitini, mama muuza samaki, aliyekuwa akiendesha friza kwa jenereta ya petroli, na petroli ikifika kule huwa imeshaongezewa nauli ya boti. Alidunduliza kwenye chama mpaka akakaribia bei niliyompa. Kisha mwaka 2020 msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola ukaondolewa, bei ikapanda, naye akarudi kwenye jenereta. Mwaka 2021 msamaha ukarudishwa. Aliyepitisha kodi ile pengine aliona mapato kidogo tu kwenye karatasi, lakini mama yule akawa ameshatumia zile pesa kwa mambo mengine. Kwa mtu wa kipato kile, kodi inayotoka na kurudi ni mbaya kuliko kodi ya juu isiyobadilika, maana hawezi kupanga.

Kuhusu upepo nitasema machache. Mitambo ya Turkana, megawati 310, ilikamilika 2017 ikakaa bila kutoa umeme hadi Septemba 2018 kwa sababu laini ya kuupeleka umeme hadi kituo cha gridi cha Suswa haikuwa tayari, na fidia ya ucheleweshaji ikawaangukia Wakenya. Kinangop mradi wa upepo ulikufa 2016 kwa mzozo wa ardhi. Lamu, ambako familia nyingi zimelima shamba moja vizazi na vizazi bila hati, mwekezaji wa nishati safi asiyeanza na suala la ardhi atapingwa kama walivyopingwa wa makaa, na ni haki apingwe.

Kwa hiyo ndugu yangu, ulaji sitaukana, ila hata viongozi wote wakiwa waadilifu kesho, matatizo haya yatabaki mezani. Ile Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Nenda Kilifi ukauulizie wa kwenu, na wakikuonyesha jumla ya megawati, waulize ni ngapi kati ya hizo zitapatikana saa mbili usiku, na zitapita shamba la nani.