Wasomaji Wanauliza: Koncheto kwenye Kinanda Kimoja

Nina kinanda cha umeme cha vitufe 61. Nataka kupiga Adagio (sehemu ya polepole) ya Marcello, aliyoigeuza Bach kuwa ya kinanda. Vitatosha, au ninunue cha 88? (Msomaji, Tudor)

Vitatosha, tunza pesa zako. Hapsikodi (vinanda vya nyuzi) za wakati wa Bach kwa kawaida zilikuwa na oktavu 4 hivi; chako kina 5. Bach mwenyewe alibanwa na ufupi huo. Koncheto (muziki wa ala inayoongoza na kundi lake) ya Vivaldi ya G meja, namba 3 katika Opus 3, mkusanyo wake uliochapishwa Amsterdam mwaka 1711, aliishusha hadi F meja ili fidla isipite mwisho wa vitufe. Hiyo ni BWV 978, yaani namba yake katika orodha ya kazi za Bach. Yako imo katika BWV 974, D maina, ambayo Marcello aliiandikia obo, ala ya kupuliza.

La kukagua ni kama vitufe vinatofautisha mguso mwepesi na mzito. Mkono wa kushoto unarudia noti za pamoja, sita kila kipimo, na zikilingana kwa nguvu na mkono wa kulia zitaufunika. Kama hakitofautishi, chagua sauti ya hapsikodi: hufifia upesi, hivyo haizibi. Sauti ya ogani usiiguse kabisa.

Weka metronomu 60, mlio mmoja kwa kila kundi la noti za pamoja za kushoto, na kidole kisiachane na kitufe. Jifunze kwanza wimbo mtupu wa obo, mapambo baadaye. Pedali uibadilishe kila besi inapohama.

Nina noti za koncheto ya Vivaldi, fidla na kundi lake. Nikate nini iingie mikono miwili? (Msomaji, Likoni)

Andika besi yote kwanza, kisha fidla inayoongoza. Fidla mbili zikipiga kitu kimoja, bakisha moja. Viola ndiyo ya kukatwa, ila isome kwanza: pengine ndiyo pekee iliyoshika noti ya tatu kuanzia ile ya msingi, na ukiiondoa msikilizaji hajui kama ni meja au maina. Kumbuka ufunguo wake (alama ya mwanzo wa mistari) ni wa alto. C ya kati iko mstari wa katikati.

Noti moja inayorudiwa kasi ni rahisi kwa upinde, kidole hakiiwezi. Ivunje kwa oktavu au noti za jirani. Kundi likiingia, jaza mikono. Fidla ikibaki peke yake, acha nyembamba. Wengi hujaza kila mahali, na koncheto inakufa hapo.

Piano ya ukumbi wetu hapa ufukweni hukwama vitufe kila masika. (Msomaji, Nyali)

Ni unyevu. Mbao na kitambaa kilichomo kwenye matundu ya vitufe huvimba, kitufe kinachelewa kurudi, na noti za kurudiwa ndizo huharibika mwanzo. Usitie mafuta, yatalowesha kitambaa na kuzidisha. Fundi ana koleo la kukibana kitambaa hicho kipate nafasi. Nyinyi isogezeni mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari.