Usiuze PS5 yako kwa ajili ya kuiwahi Forza Horizon 6

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Manyoni aliniandikia: "Kaka, nina PS5. Forza mpya inaanzia Xbox. Niuze nichukue Xbox niwahi, au nisubiri?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asiuze. Leo nataka nieleze kwa nini, maana najua hayuko peke yake.

Kwa aliyepitwa na habari: Forza Horizon 6, gemu la kuendesha magari, ilitangazwa Septemba 2025 kwenye maonyesho ya Tokyo Game Show. Watengenezaji ni walewale Playground Games wa Uingereza, mwaka wa kutoka ni 2026, na safari hii tunapelekwa Japani. Wenye Xbox Series X na S, mashine za gemu za Microsoft, na wenye kompyuta wanaanza, PS5 ya Sony inafuata baadaye.

Japani, jamani! Sisi tuliokulia Dodoma tuliijua Japani kwa magari kabla hatujaiona kwenye ramani. Toyota IST ya mjomba ukiiwasha tu, kuna mwanamke anaongea Kijapani kwenye dashibodi, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kujua anasema nini. Redio yake ilikuwa inaishia 90, kwa sababu FM ya kule inaanzia 76, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hukamati mpaka fundi akufungie kifaa cha kubadilisha masafa. Kwenye kioo cha mbele bado ilikuwa na stika ya ukaguzi ya kwao. Usukani kulia, na barabarani unakaa kushoto kama hapa. Leo naambiwa nitayaendesha magari haya kwao yalikotoka, katikati ya Tokyo na kwenye milima yenye kona kama zile za Nyang'oro ukielekea Iringa. Sijawahi kulisubiri gemu namna hii.

Na nimeanza mbali. Nilianzia kwenye banda la gemu Chang'ombe, PS2 imefungiwa kwenye sanduku la mbao, pedi imezungushwa tepu ya umeme, unashika sarafu ya mia mbili mkononi mpaka inalowa jasho. Wenzangu walikuwa wanapanga foleni ya mpira. Mimi nilisubiri mwenye banda achoke, aniwekee gemu la magari la Need for Speed Underground 2, nizunguke tu mjini na Nissan Skyline bila kushindana na mtu. Pale ndipo nilipojua kitu ninachokipenda ni barabara iliyo wazi, siyo kombe.

Kompyuta yangu ya sasa nimeijenga mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, kwa hela ya kazi za steshenari: kuchapa ripoti za wanafunzi wa chuo, kutengeneza kadi za michango ya harusi. Kadi ya grafiki ilikuja kwa basi kutoka Dar. Kuna ndugu wa karibu kabisa walisema mbele za watu kwamba mwanaume mzima anajenga mashine ya kuchezea badala ya kununua kiwanja. Maneno hayo bado yananiuma. Lakini leo mashine hiyohiyo ndiyo inayohariri video ninazolipwa, na usiku inanikutanisha na washikaji wa Mwanza na Arusha ndani ya Mexico ya Forza Horizon 5. Sidaiwi na mtu hata shilingi.

Sasa ushauri wenyewe.

Jiandae kwa intaneti kwanza. Forza Horizon 5 inazidi GB 100 kwenye kompyuta, na sitegemei hii mpya iwe nyepesi. Piga hesabu: kwa kasi ya Mbps 10, GB 100 ni saa 22 za kushusha bila kukatika. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, kinachomaliza ni kushusha na masasisho. Kuna kampuni ya simu iliniuzia bando la "bila kikomo", nikaanza kushusha usiku, asubuhi nakuta kasi imebanwa mpaka ukurasa wa kawaida haufunguki. Maelezo yalikuwa kwenye maandishi madogo ambayo wakala hakuyataja kabisa. Kwa hiyo uliza mapema kasi inabanwa ukifika GB ngapi. Kama fiba imefika mtaani kwenu, changishaneni na jirani kama mtoa huduma anaruhusu, na mashine iunganishe kwa waya.

Jambo la pili ni vumbi. Watu wa Dar hawalijui hili. Kuanzia Julai upepo wa Dodoma unaingiza vumbi jekundu hata dirisha likiwa limefungwa. Fungua mashine uone feni zilivyo: mabawa yamevaa koti la udongo, na matundu ya kutolea joto yameziba kabisa. Ikipata joto inapunguza kasi yenyewe, na wewe unalaumu gemu. Puliza kila mwezi, inyanyue sakafuni. Stebilaiza usiulize, nunua.

Tatu, na hili ndilo kubwa: usilipie kabla hujajua kama gemu linafunguka bila intaneti. The Crew, gemu jingine la magari, ilitoka 2014, ikakupa Marekani nzima uizunguke, ila bila seva, yaani kompyuta za kampuni, haikuwaka hata ukicheza peke yako. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na waliolinunua hawana kitu. Hapo ndipo kampeni ya Stop Killing Games, ya kudai gemu tulizonunua zisizimwe, ilipozaliwa, na kufikia 2025 ilikuwa imevuka saini milioni moja Ulaya. Test Drive Unlimited Solar Crown nayo ilikuja Septemba 2024 na barabara za Hong Kong, intaneti lazima muda wote, na waliolipa zaidi ili waingie mapema ndio waliokutana na seva zisizofunguka. Forza Horizon 4 iliondolewa sokoni Desemba 2024, lakini aliyenunua bado anacheza. Huo ndio utofauti, ndugu zangu, na hela yako ni ya jasho. Kuwahi siku ya kwanza hakukupi barabara ambayo mwenzako atakayeanza miezi mitatu baadaye hataipita. Atakayekopa kwa riba kwenye simu ili awe wa kwanza kuingia Tokyo atakuwa analipa deni wakati sisi tumeshahamia gemu jingine. Vijana wenzangu, tusifanye hivyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Manyoni: Forza Horizon 5 ilitoka Novemba 2021 na ikafika PS5 Aprili 2025. Wenzako walisubiri zaidi ya miaka mitatu bila kuahidiwa chochote. Wewe umeahidiwa tangu siku ya kutangazwa. Ukiiuza PS5 sasa utaiuza kwa bei ya hasara, na Xbox hapa kwetu utahangaika kupata fundi wa kuitengeneza. Weka akiba kidogo kidogo, tafuta fiba, na ikitoka ya PS5 nitafute. Kama watawaruhusu wa PS5 na wa kompyuta kucheza pamoja kama walivyofanya kwenye ya tano, tutaendesha wote.