Sahani ya baba

Toleo lililopita mliuliza: "Mwenzako akifiwa, umwambie neno gani limfariji?" Tangu nilisome swali hilo, anayenijia kichwani ni jirani yetu wa zamani, Mama Bahati, na sikumbuki hata neno moja la faraja alilotuambia.

Baba alipanda MV Bukoba jioni ya Mei 20, 1996, akirudi kwetu Mwanza baada ya kumwona bibi. Asubuhi yake, Jumanne, meli ikapinduka ikiwa imekaribia kufika. Nilikuwa na miaka 11.

Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu, nchi nzima ikalia. Sisi tulishindwa hata kuanza. Baba alisafiri daraja la tatu, na abiria wa daraja hilo hawakuwa na orodha ya majina. Baba mdogo alikwenda siku nne mfululizo kupita katikati ya maiti, kitambaa puani, na kila jioni alirudi akitikisa kichwa tu. Sisi Wahaya marehemu wetu humzika kibanjani, kwenye migomba yake. Sasa tungemrudisha nani? Matanga tungeyaweka kwa maiti ipi? Waliokuja walisimama mlangoni wasijue waseme "poleni kwa msiba" au "Mungu atamleta." Wengine walisema yote mawili. Na karibu wote walimwambia mama ajikaze, watoto wanamtazama yeye. Siwalaumu, walitupenda. Lakini mama alijikaza kweli, akajikaza mpaka akawa hasemi na mtu.

Kila jioni akipika ndizi, alipakua na sahani ya baba: ile ya bati, kubwa, yenye ua jekundu katikati na ukingo uliobanduka rangi. Akaifunika, akaiweka mezani. Asubuhi akamwaga. Shangazi alitaka ifichwe. Wengine walinong'ona kwamba mama anaanza kuchanganyikiwa.

Mama Bahati aliuza dagaa Kirumba. Jioni moja aliingia, akanawa, mikono bado inanukia dagaa, akaiona ile sahani.

"Mama Koku, hii ya nani?"

"Ya baba Koku."

Nyumba nzima tukanyamaza. Nilimwangalia shangazi, naye akaangalia chini.

"Basi kwa kuwa amechelewa, nimsaidie, chakula kisilale."

Akavuta kigoda, akala. Alikula taratibu, hana haraka na mtu. Akauliza kama baba alipenda ndizi kwa maharage au kwa nyama. Mama akajibu: kwa maharage, na pilipili nyingi, na akimaliza anakwangua sahani kwa kidole kama mtoto. Hapo sauti ikamkatika. Zilikuwa zimepita wiki tatu bila mtu yeyote kumtaja baba mbele yake.

Hili ndilo ningependa wasomaji wenzangu walifikirie. Tunakwepa kumtaja marehemu tukiogopa kumtonesha mfiwa. Kwani alikuwa amesahau? Mama alikuwa na baba moyoni mchana na usiku, akakosa wa kumsimulia. Mama Bahati alikuja karibu kila jioni na swali jipya: mlionana wapi, alikuwa mkali, aliimba? Hakumwambia mama hata mara moja kwamba baba amekufa, wala kwamba atarudi. Alikula tu chakula chake na kuuliza habari zake. Baada ya miezi miwili hivi, mama alipakua ile sahani, hakuifunika, akaipeleka mwenyewe mbele yake. "Yako hii, shoga."

Miili iliyopatikana bila kutambuliwa ilizikwa Igoma, hapo hapo Mwanza. Mama hakutaka kukanyaga huko. "Nikalie kaburi la nani?" alikuwa akisema, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Mei iliyofuata Mama Bahati alifika asubuhi na majembe mawili begani.

"Twende tukapalilie. Hata kama siye, aliyelala pale ana watu wake wanamtafuta. Sisi tumlilie huyo mtu wao. Huenda na wetu yupo anayemlilia."

Walichagua kipande kidogo pembeni, nyasi zimefika magotini. Mimi nilibeba dumu la maji. Walilima bila kuongea mpaka udongo ukabaki mweusi, safi. Kisha mama akaweka jembe chini, akajifunga kanga kiunoni, akaketi pale pale kwenye udongo na kuanza kuomboleza kwa Kihaya, kwa sauti, akimwita baba kwa jina lake la utotoni. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akilia hivyo.

Mama Bahati ni Mkerewe, Kihaya hakijui. Aliketi karibu naye, bega kwa bega, akawa anaitikia.